Matanga ya Hysni, Daktari wa Nguruwe

Mwanamke wa duka la kuchapa alinitazama, akaitazama karatasi yangu, akanitazama tena. Kwetu mtu akifa tunabandika tangazo kwenye nguzo za umeme na kwenye milango ya majengo: picha, jina, tarehe ya kufa, saa ya mazishi, na nyumba inayopokea rambirambi. Sasa mimi nimempelekea picha ya mwanamume wa miaka thelathini na tisa mwenye masharubu, na tarehe ya kufa ni Novemba 1977. Tulikuwa mwaka 2018. Akaniuliza kama mwaka nimeukosea. Nikamwambia sijaukosea. Akauliza mazishi ni saa ngapi. Nikamwambia hayapo. Akauliza kaburi liko makaburi gani, eti fomu yake inataka. Hapo hasira ikanipanda, nikamwambia, dada yangu, ningekuwa najua kaburi la baba yangu liko wapi, ningesimama hapa kubishana na wewe? Akachapa.

Wala si yeye aliyenikosea, namjua, ni mtu mwema. Lakini mtu akishapigwa danadana miaka ishirini na saba, hasira humwangukia yeyote aliye karibu.

Naitwa Bedrije. Baba yangu, Hysni, alikuwa daktari wa mifugo katika ushirika wa kijiji, huku kwenye tambarare za Albania. Muislamu wa jina, na kazi yake nguruwe. Msinicheke, dini yenyewe ilikuwa imeshapigwa marufuku, mtu alikuwa anatibu alichopangiwa. Mwaka ule watoto wa nguruwe walikufa zizi zima. Chama kikataka ripoti. Baba akaandika kwamba pumba zimeota ukungu kwa sababu paa la ghala linavuja, na paa halijazibwa kwa sababu saruji yote imekwenda kwenye mahandaki. Basi. Sentensi moja. Yule Mkubwa wetu alikuwa ameijaza nchi mahandaki ya saruji, mashambani, ufukweni, hadi makaburini, akingoja dunia nzima ije ituvamie. Dunia haikuja. Nani angekuja kutuvamia sisi, kutafuta nini? Ila ukisema saruji imekwenda huko, umekuwa mhujumu na adui wa wananchi. Kesi ilichukua asubuhi moja. Wakampiga risasi.

Tulipata habari kwa maofisa wawili waliosimama mlangoni wakasema hukumu imetekelezwa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita. Mama akauliza yuko wapi. Wakamwambia swali hilo halipo. Na kumlilia adui wa wananchi lilikuwa kosa, kwa hiyo mama hakulia. Mlango wetu haukubishwa na mtu, hata wa kuja kuazima chumvi. Wiki iliyofuata tukapakiwa, tukapelekwa kijiji cha waliofungiwa, tukalima mahindi ya serikali miaka kumi na minne. Mimi niliyekuwa nataka kuwa mwalimu nilifundisha jembe. Niliolewa na mwanamume mwenye doa kama langu, maana asiye na doa asingethubutu kunitazama mara mbili.

Serikali ile ilipoanguka tukarudi mjini, tukapewa nyumba ya vyumba viwili, orofa ya tatu. Na hapo ndipo nilipoanza safari za ofisi. Ofisi ya kwanza ilinipeleka ya pili, ya pili ikanirudisha ya kwanza. Nililetewa jalada la baba: kurasa kumi na moja, ya mwisho imeandikwa hukumu imetekelezwa, mahali hapakutajwa. Nikaenda kuomba cheti cha kifo. Karani akatafuta kwenye daftari, akaniambia kwa upole kabisa kwamba Hysni hajafa, hakuna aliyewahi kuandikisha kifo chake, kwa hiyo maombi yoyote yanayomhusu ayalete mwenyewe na atie sahihi. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Nilicheka pale dirishani mpaka askari akaja kuniangalia.

Na kila mahali, kila niliyemuuliza nani alitoa amri, nani alifyatua, nani alichimba, jibu lilikuwa moja: zilikuwa nyakati zile. Nyakati zilimkamata, nyakati zikamhukumu, nyakati zikamzika. Jaji mstaafu aliniambia hivyo akinimiminia chai. Mjane wa katibu wa chama aliniambia hivyo bila kufungua mlango vizuri. Nimewatafuta hao Nyakati ofisi kumi na saba, nikitaka tu kujua wanakaa mtaa gani.

Aliyenichosha kuliko wote alikuwa Mzee Llambi, na huyo sikuhitaji kwenda mbali. Anakaa orofa ya chini ya jengo letu. Anapanda pilipili hoho kwenye makopo ya rangi barazani kwake. Watu wote wanajua kwamba miaka ile alikuwa dereva wa gari la kijivu la idara ya usalama, gari lililopakia watu na kurudi tupu. Mji wetu mdogo, mteswa na mtesi wananunua mkate duka moja. Nilimuuliza mara nne. Mara ya mwisho nilimuuliza nikiwa nimebeba mifuko ya sokoni, nimetota jasho. Akasema, "Bedrije, mwanangu, zilikuwa nyakati," kisha akanipa pilipili mbili. Nilizitupa jalalani, halafu nikarudi kuziokota, maana zilikuwa nzuri, na hilo nalo likaniudhi.

Mama, Bi Sadije, hakuwahi kumuuliza. Walikuwa wanasalimiana kwa kichwa tu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini mimi nilidhani ni uzee.

Majira ya kuchipua mwaka huo wa tangazo moyo wa mama ukachoka. Daktari alinivuta kando akaniambia tusihesabu miezi, tuhesabu wiki. Mama alikuwa na kitu kimoja tu alichokitaka duniani, nacho ni kujua mumewe amelala wapi. Si fidia, si cheti, si hotuba za wanasiasa kila Februari, kumbukumbu ya kuangushwa sanamu ya Mkubwa. Mahali. Nami sikuwa napo pa kumpa. Basi nikaona nitampa ninachokiweza: matanga. Miaka arobaini hajapewa pole na mtu. Watu waje, wakae, wanywe kahawa chungu ya msiba, wamtamkie jina la mumewe. Niliogopa kumwambia, maana zamani nilipompa wazo hilo alinifokea kwamba haweki matanga ya hewa, na kwamba mjane asiye na kaburi hana pa kuanzia kulia.

Safari hii nilipomwonyesha tangazo lililochapwa, alivaa miwani, akaitazama picha ya baba kwa muda mrefu. Nilijiandaa kwa ugomvi.

"Bandika," akasema. "Na usisahau mlango wa chini, karibu na Llambi. Alione vizuri."

Nilishukuru Mungu nikadhani ameridhika. Mimi na akili zangu zote sikumwelewa mama yangu mzazi.

Siku ya kwanza watu walikuja zaidi ya tulivyotegemea. Kwetu jengo moja ni kama ukoo. Msibani kila nyumba hutoa mtu, na mwanamume asiyepanda ngazi kuketi msibani kwa jirani amekwisha, hata kwenye meza ya dhumna hapangiwi tena. Kwa desturi wanawake hukaa chumbani na mjane, wanaume sebuleni. Ila mama alikataa desturi hiyo, akasema yeye atakaa sebuleni, kwenye kiti kinachotazama mlango. Watu wakanong'ona, wakaacha, wakasema mgonjwa. Mimi nilizunguka na sinia: kahawa isiyo na sukari, na sahani ya sigara. Wanaingia, mkono kifuani, wanasema mbaki nyinyi na uhai, wanakaa robo saa, wanaondoka. Kaka yangu alipiga simu kutoka Ugiriki akilia. Nilimwambia asinililie, mimi nina vikombe vya kuosha.

Llambi hakuja siku ya kwanza. Mama kila mlango ukifunguliwa alikuwa anatazama, kisha anatazama chini.

Alikuja siku ya pili, Jumapili, karibu na adhuhuri. Amevaa suti ya kahawia inayonuka dawa ya nondo, amejipaka marashi, ameshika fimbo. Ana miaka themanini na moja. Alivua viatu mlangoni kwa taabu. Akaweka mkono kifuani, akasema maneno yanayosemwa, akaketi. Sebule ilikuwa na wanaume kama kumi. Nikampelekea kahawa, akachukua kikombe.

"Llambi," mama akasema. Hakupaza sauti, hana pumzi ya kupaza. "Hysni ulimpakia wewe garini. Ulimshusha wapi?"

Jamani! Kwenye matanga hakuulizwi. Kwenye matanga mtu analindwa na kahawa aliyoishika, hata kama ameua. Llambi alitazama kikombe chake.

"Zilikuwa nyakati, Sadije."

"Bedrije," mama akaniambia, "mnyang'anye kikombe."

Sikuwahi kuona jambo hilo, wala bibi zangu hawakuwahi kusimulia. Kumnyang'anya mtu kahawa ya msiba ni kumwambia hata kifo hakikukubali katika nyumba hii. Ni afadhali umzabe kibao. Nilisimama na sinia langu. Nilimtazama mama nikitumaini atabadili neno. Hakubadili. Na hapo nikaelewa kwa nini alitaka tangazo kwenye mlango wa chini, kwa nini alikaa kiti kile, kwa nini miaka yote ile hakumuuliza. Mtu ukimuuliza ngazini anaondoka. Alikuwa anangoja mahali ambapo Llambi hawezi kuondoka. Alikosa tu matanga, nami mjinga nikamletea.

Nikanyoosha mkono. Vidole vya Llambi vilikuwa vimekikaza kile kikombe, nikavuta, kahawa ikamwagikia suti yake. Alikaa pale mikono mitupu mbele ya wanaume wa jengo lake, wanaocheza naye dhumna kila jioni, na wote walikuwa wanatazama zulia.

Akasimama. Akafika mlangoni, akainama avae viatu, mguu ukakataa kuingia. Alijaribu mara tatu. Mtu mzima yule alikuwa anahema kiatu kimoja mkononi, nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Kisha akasema akiwa ametugeuzia mgongo.

"Kwenye miti ya mipopla, kando ya mfereji. Nyuma ya mashine ya zamani ya kukoboa."

Nikamwambia hakuna mipopla kule. Akasema ilikatwa. Nikamwambia hata mashine haipo, pamejengwa, sasa ni ukumbi wa harusi.

"Ndiyo," akasema. "Hapo hapo."

Binti yangu mdogo aliolewa katika ukumbi ule. Nilicheza pale mpaka kisigino cha kiatu kikavunjika, mama akiwa mezani anapiga makofi. Nilikimbilia jikoni nikatapika kwenye sinki lenye vikombe. Niliporudi nilikuta mama ameshasimama, ameshikilia kiti, anataka koti lake. Nikamwambia mama, daktari amekataza ngazi. Nikamwambia leo Jumapili. Nikamwambia kesho nitaandika barua, kuna tume inayoshughulikia.

"Barua umeandika miaka ishirini na saba," akasema. "Nipe koti. Na yeye anakuja."

Wanaume wawili walimbeba na kiti chake orofa tatu. Jirani wa orofa ya pili ana teksi, akaileta mlangoni. Mama akaketi nyuma nami, Llambi akawekwa mbele na fimbo yake. Dereva akauliza apite wapi, na Llambi ndiye aliyemwelekeza.

Nyuma ya ukumbi pana maegesho ya magari, lami nzuri, mistari myeupe. Llambi alishuka akazunguka muda mrefu, akapima kwa macho kutoka mferejini, akarudi nyuma, akasogea tena, mimi nikimfuata nimeuma meno. Mwishowe akasimama kati ya mitungi ya gesi ya jikoni na mstari wa tatu. Akasema ni hapa, wawili pamoja, mwingine hakumjua jina.

"Usinyanyue mguu," mama akamwambia. "Baki hapo hapo mpaka Bedrije apate rangi apige alama."

Akabaki. Mama akawekewa kiti chake mbele yake, juu ya lami. Mimi nikaingia jikoni kuomba rangi, au chaki, au chochote. Badala yake nikamtoa nje mwenye ukumbi, bwana anayeitwa Kastriot, kifaa kidogo cha simu kimening'inia sikioni. Alikuwa na adabu, nikiri. Aliniita dada, alimwita mama bibi. Alisema ameinunua ardhi kihalali, mambo ya siasa ya zamani hayajui, leo ana wageni mia tatu, msafara wa bibi harusi uko njiani, niende ofisi husika Jumatatu nikalete kibali.

Ofisi husika. Nilimwambia mengi ambayo hapa siyaandiki. Nilimwambia kama anataka kibali akamwombe aliye chini ya lami yake, maana serikali inasema yuko hai na anaweza kutia sahihi. Akarudi nyuma hatua mbili. Nilikuwa bado napiga kelele wanawake wa jengo letu walipofika kwa magari mawili, na nguo zao nyeusi, na chupa za kahawa, na masinia. Hakuna aliyewaambia waje. Matanga ni pale alipo mfiwa, wao walimfuata. Wakapanga vikombe juu ya mitungi ya gesi kana kwamba ndipo mahali pake.

Ndipo zikasikika honi. Msafara uliingia na magari kama ishirini, yamefungwa taulo na maua, zumari inalia, ngoma inapigwa kutoka dirishani. Gari la mbele likasimama mita chache kutoka kwetu kwa sababu tumekaa njiani. Akashuka baba wa bwana harusi, mtu mnene, ua kifuani, uso mwekundu wa jua na kinywaji. Alikuja kwa hasira. Nilikaza mwili. Nilikuwa na neno lake tayari, na la pili baada ya hilo, maana siku hiyo nilikuwa nimejaa mpaka hapa.

Akaona nguo nyeusi. Akaona sinia. Alisimama, akatazama kiti cha mama, kisha Llambi aliyesimama peke yake katikati ya lami kama mtu aliyepandwa ardhini. Sijui alielewa nini. Ila kwetu harusi haipiti na ngoma mbele ya msiba, hata uwe msiba wa adui yako. Aligeuka akainua mkono, ngoma ikanyamaza. Zumari iliendelea kidogo, mpigaji alikuwa gari la nyuma na hakuona. Mtu akamwambia, nayo ikanyamaza. Kastriot akafungua mdomo, yule mtu akamwonyesha kiganja, Kastriot akaufunga.

Alikuja akivua ua kifuani, akalitia mfukoni. Akaweka mkono moyoni, akamwinamia mama, akasema mbaki nyinyi na uhai. Nikammiminia kahawa chungu. Nikamwaga kidogo kwenye kisahani, akasema si kitu. Nyuma yake wanaume wa harusi walikuwa wanashuka magarini mmoja mmoja, wanafunga vifungo vya makoti, wanapanga mstari.

Akanywa funda moja, kisha akauliza kama anavyouliza mtu yeyote mstaarabu.

"Marehemu amefariki lini, mama?"

Nilifungua mdomo nianze. Ningemweleza ripoti, na saruji, na gari la kijivu, na karani, na kurasa kumi na moja, kama nilivyoeleza kwenye ofisi zote kumi na saba. Mama alinishika mkono.

"Leo," akamjibu. "Nimeambiwa leo."

Yule mtu akatikisa kichwa, akasema pole sana, mama. Na hapo mama yangu akajifunika uso kwa mtandio, akaanza kulia kwa sauti, jina la mumewe kwanza, kama wanavyolia wajane siku ya kwanza.